Upepo hafifu garini: Kwa nini kuongeza gesi mara nyingi si tiba

ASUBUHI ya Julai, manyunyu yakidondoka kutoka Kinoo hadi Kangemi, si ajabu kumwona dereva kwenye barabara ya Waiyaki Way akishika usukani kwa mkono mmoja huku wa pili ukipangusa ukungu kwenye kioo cha mbele kwa kitambaa.

Feni ya gari lake inavuma na taa ya kiyoyozi inawaka, lakini hewa inayotoka kwenye matundu ya dashibodi haitoshi hata kupeperusha karatasi ya shashi. Akifika katikati mwa jiji na kumweleza fundi masaibu yake, jibu atakalopewa aghalabu ni moja: gesi imekwisha.

Mtungi utaletwa, gesi itajazwa, pesa zitalipwa, na baada ya siku mbili tatu dereva atakuwa barabarani tena na kitambaa chake mkononi.

Ukweli ni kwamba gesi ya kiyoyozi haipulizi hewa. Kazi yake ni kufyonza joto kutoka ndani ya gari na kulitoa nje kupitia kondensa iliyo mbele ya rejeta. Hewa inayomfikia abiria husukumwa na feni ya umeme iliyofichwa chini ya dashibodi, ambayo katika magari mengi ya Kijapani yenye usukani wa kulia huwa upande wa kushoto, karibu na miguu ya abiria.

Gari ambalo gesi yake imekwisha kabisa litaendelea kupuliza kwa nguvu ileile ya awali. Tofauti pekee ni kuwa hewa hiyo haitakuwa baridi.

Hivyo basi, mwenye gari anapaswa kwanza kutenganisha malalamiko mawili ambayo huchanganywa kila uchao. Hewa ikiwa nyingi lakini haina ubaridi, hapo ndipo penye kuzungumzia gesi, kompresa au kondensa. Hewa ikiwa kidogo, iwe baridi au moto, tatizo liko kwenye njia ya hewa au kwenye feni inayoisukuma.

Si suala la anasa

Wapo wanaoshikilia kwamba kiyoyozi ni anasa katika jiji lililo juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, ambako joto la Mombasa husikika tu kwa wasafiri. Hoja hiyo ina mashiko machache.

Kati ya Juni na Agosti, ubaridi wa alfajiri jijini hushuka hadi nyuzijoto 12 hivi, na hali huwa kali zaidi kadiri mtu anavyopanda kuelekea Uthiru, Kikuyu na Limuru. Watu watano wakifungiwa ndani ya gari dogo, pumzi zao hugeuka ukungu kwenye vioo kwa dakika chache. Kinachouondoa ukungu huo ni hewa kavu inayopulizwa kwa nguvu kwenye kioo, na kiyoyozi ndicho kinachoikausha hewa hiyo, hata kama hita imefunguliwa kwa wakati mmoja.

Hapa ndipo madereva wengi hukosea. Wao hufungua hita, huzima kiyoyozi kwa dhana kwamba ni cha joto tu, na hufunga njia ya hewa ya nje ili kuhifadhi joto. Matokeo yake ni unyevu uleule kuzungushwa ndani ya gari. Utaratibu unaofaa ni kuelekeza upepo kwenye kioo, kuwasha kiyoyozi na hita pamoja, na kuruhusu hewa ya nje iingie. Lakini utaratibu huo wote hauna maana ikiwa upepo wenyewe ni hafifu.

Kushusha kioo cha dirisha nako kuna gharama zake. Katika msongamano wa mzunguko wa Globe, mathalani, dereva aliyefungua dirisha huvuta moshi wa matatu za dizeli, na akizubaa, simu yake huondoka na mpita njia.

Kichujio kilichosahauliwa

Safari ya hewa huanzia nje, kwenye wavu wa plastiki ulio chini ya kioo cha mbele, mahali waipa zinapolala. Kutoka hapo huingia kwenye kasha lililo nyuma ya dashibodi, ikapita kwenye kichujio na feni, ikapenya katikati ya mapezi membamba ya kipozi kinachoitwa evapureta, kisha ikagawanywa na vilango vidogo kuelekea usoni, miguuni au kwenye kioo.

Katika magari ya Nairobi, mahali pa kwanza pa kutazama ni kichujio hicho. Hiki si kile kichujio cha hewa ya injini ambacho kila fundi hukikagua anapobadilisha oili. Ni kingine, chembamba, cha karatasi au kitambaa chenye mikunjo, na kazi yake ni kuzuia vumbi lisiwafikie waliomo ndani. Kwa kuwa injini haikitegemei, gari litatembea miaka na mikaka bila mtu kukumbuka kwamba kipo.

Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoingia nchini hununuliwa Japan yakiwa yametumika. Kanuni ya KS 1515:2000 ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) inataka gari linaloingizwa liwe halijapitisha miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hivyo gari "jipya" la Mkenya huweza kuwa limeshavuta hewa ng'ambo kwa miaka kadhaa, na kitabu chake cha maelezo, likibahatika kuja nacho, kimeandikwa kwa Kijapani. Mnunuzi hawezi kujua kutoka kitabuni kichujio kiko wapi wala kilibadilishwa lini.

Likishafika Nairobi, gari hilo hukutana na vumbi la aina yake. Wakazi wa Westlands wanaukumbuka ujenzi wa barabara ya juu ya Nairobi Expressway, ambayo ina urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo na ilifunguliwa kwa umma Mei 2022. Ujenzi huo ulipokwisha, vumbi halikuisha: vichochoro vya Kawangware, Kangemi na Dagoretti vina udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi huwa laini kama unga.

Watengenezaji wengi hushauri kichujio kibadilishwe kila baada ya kilomita 15,000 hadi 30,000, na mapema zaidi penye vumbi. Kwa dereva anayepita njia za udongo kila siku, kukikagua mara mbili kwa mwaka si kuzidisha.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji fundi. Katika magari kama Toyota Corolla Fielder, kichujio kiko nyuma ya kijisanduku cha dashibodi kilicho mbele ya abiria. Kijisanduku hutolewa vitu vyote, kijiti cha plastiki kinachokishikilia upande mmoja huchomolewa, kisha pande zake hubanwa kwa ndani hadi kiteremke. Nyuma yake huonekana kifuniko chembamba cha mlalo chenye vibanio. Kikifunguliwa, kichujio huvutwa kama droo.

Kinyanyuliwe kuelekea mwanga wa jua. Ikiwa mwanga haupiti, au mikunjo imejaa majani, nywele na tope kavu la kijivu, mshukiwa mkuu amekwisha patikana. Ili kuthibitisha, gari likiwa limesimama, feni iwashwe kwa dakika moja au mbili bila kichujio. Upepo ukirudi kwa kishindo, dawa ni kununua kichujio kingine, nacho ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu zaidi katika mfumo mzima wa kiyoyozi.

Muuza vipuri wa Kirinyaga Road, ambayo wazee wa jiji bado huiita Grogan, ataomba nambari ya chesisi, na hiyo ndiyo njia salama ya kupata ukubwa unaofaa. Kichujio kipya kina mshale unaoonyesha hewa inakoelekea. Kikigeuzwa, vumbi hujazana upande usiofaa na mikunjo hulegea.

Baadhi ya madereva hukipeleka kichujio kikuukuu kwenye kituo cha mafuta kikapulizwe kwa hewa ya kujazia magurudumu. Hilo laweza kumsaidia mtu kwa wiki moja akisubiri mshahara, lakini presha ile hupasua nyuzi za karatasi, na kuosha kwa maji huharibu zaidi.

Kibaya kuliko vyote ni mtindo wa kukitupa kichujio na kufunga kifuniko kitupu "ili gari lipumue". Upepo hurudi siku hiyohiyo na mteja huondoka akishukuru. Hata hivyo, evapureta huwa na majimaji kila kiyoyozi kinapofanya kazi, na vumbi lisilozuiwa hunata kwenye mapezi yake hadi likawa udongo. Baada ya muda upepo hufifia tena, safari hii kwa sababu ambayo katika magari mengi haiwezi kuondolewa bila kufungua dashibodi nzima. Kazi ya dakika kumi huwa imegeuka kazi ya siku mbili.

Mjakaranda nao una lawama zake. Miezi ya Septemba hadi Novemba, maua yake ya zambarau hutandaza zulia katika mitaa ya Kileleshwa na Lavington, na magari yanayolala chini ya miti hiyo hukusanya maua na majani chini ya waipa. Yakioza pale huziba wavu wa kuingizia hewa, huziba pia mifereji ya kutoa maji ya mvua, na maji yakikosa njia huweza kuingia hadi kwenye feni.

Dalili ya hali hii ni rahisi kutambua. Dereva akibonyeza kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake, upepo huwa na nguvu. Akirejesha hewa ya nje, hufifia. Hapo boneti ifunguliwe na majani yaondolewe kwa mkono. Kumwaga maji kwa mpira huyasukuma ndani zaidi.

Feni husema

Kichujio kikiwa safi na wavu ukiwa wazi, sikio ndilo linalofuata. Feni inayovuma kwa sauti kubwa huku hewa ikiwa kidogo ina nguvu za kutosha. Kuna kitu kinachoikinga mbele. Feni iliyo kimya ina tatizo la umeme. Feni inayogonga au kukwaruza huenda imenasa jani, au panya amejenga humo, jambo ambalo halishangazi kwa gari lililoegeshwa muda mrefu kwenye ua wenye miti na pipa la taka.

Kuna dalili moja ambayo haina utata mwingi. Ikiwa feni haifanyi kazi katika hatua ya kwanza, ya pili wala ya tatu, lakini inavuma barabara katika hatua ya mwisho, rizista imeungua. Hiki ni kifaa kidogo kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole. Hatua ya mwisho hupata umeme moja kwa moja bila kukipitia. Magari yenye kiyoyozi kinachojirekebisha chenyewe hutumia kidhibiti cha kielektroniki badala ya rizista, nayo dalili zake hazifuati kanuni hii.

Lisilofahamika na wengi ni kuwa rizista hupozwa na upepo uleule inaoudhibiti. Kichujio kikiziba, haipati hewa ya kuipoza na huungua. Vivyo hivyo, mota ya feni iliyochakaa hufyonza umeme mwingi kupita kiasi na huweza kuyeyusha plagi ya waya. Mwenye gari aliyebadilishiwa rizista mara mbili kwa mwaka mmoja ana haki ya kumuuliza fundi kama mota na kichujio vilipimwa.

Fyuzi ikikatika, ibadilishwe kwa nyingine yenye nambari ileile. Kuweka kubwa zaidi, au kuunganisha kwa kipande cha waya kama inavyofanywa penye haraka, ni kuualika moto ndani ya dashibodi.

Upepo unaoanza vizuri kisha ukafa

Kisa kingine huwachanganya hata mafundi wenye uzoefu. Dereva hutoka Westlands kuelekea Naivasha, upepo ukiwa na nguvu na baridi ya kupendeza. Baada ya nusu saa au zaidi hewa huanza kupungua ingawa feni bado inanguruma. Akisimama Kimende kunywa chai, akirudi garini mambo ni shwari, na chini ya gari pana kidimbwi cha maji kikubwa kuliko kawaida.

Kilichotokea ni barafu. Evapureta imepoa kupita kiasi, unyevu umeganda kwenye mapezi yake na kuziba njia ya hewa, kisha ukayeyuka gari liliposimama. Akiwa safarini, dereva anaweza kuzima kitufe cha kiyoyozi na kuiacha feni ikipuliza. Barafu itayeyuka yenyewe kwa robo saa hivi.

Visababishi ni vitatu: hewa kidogo inayopita kwenye evapureta kwa sababu ya kichujio kichafu, kihisio cha ubaridi kilichoharibika na ambacho hakizimi kompresa kwa wakati, au gesi iliyopungua. Naam, hapa gesi inaweza kuwa na hatia, ndiyo maana kisa hiki kinahitaji kupimwa, si kukisiwa.

Na upimaji wenyewe una mtego. Hewa ikiwa haba kwenye evapureta, gesi haipati joto la kutosha la kufyonza, na presha ya upande wa chini hushuka. Fundi akiunganisha geji zake huona sindano iko chini na kuamua, kwa nia njema kabisa, kwamba gesi imepungua. Akiongeza, mfumo hujaa kupita kipimo, presha ya upande wa juu hupanda, na kompresa, ambayo ni kipuri ghali, huanza kuumia. Geji zisomwe baada ya kichujio kuangaliwa, kamwe si kabla.

Magari mengi huwa na kibandiko chini ya boneti kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Magari ya tangu miaka ya 1990 kwa kawaida hutumia R134a, na mengi ya miaka ya karibuni hutumia R1234yf. Hizi mbili hazichanganywi. Kwa gari dogo kiasi kinachohitajika mara nyingi ni nusu kilo hivi, kwa hivyo kosa la gramu mia moja si dogo. Njia sahihi ni mashine inayoitoa gesi yote, kuipima na kuirudisha kwa uzito ulioandikwa.

Kuifungulia gesi hewani ni hasara maradufu. R134a hunasa joto la anga zaidi ya mara 1,000 kuliko uzito uleule wa hewa ya kaboni, na kupunguza gesi za jamii hiyo ndiko kulikowakutanisha wajumbe wa mataifa jijini Kigali, Rwanda, Oktoba 2016. Isitoshe, gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Ikiwa kweli imepungua sana, kuna mahali inavuja, na kujaza bila kutafuta tundu ni kuilipia mara ya pili.

Vilango na hita

Upepo ukiwa hafifu usoni lakini wenye nguvu miguuni, feni na kichujio havina makosa. Kilango kinachogawa hewa kimekwama, au mota yake ndogo imevunjika jino. Mlio wa tak-tak-tak nyuma ya dashibodi gari linapowashwa huwa ni wake.

Ama kuhusu hita, upepo wake ni wa feni ileile. Hewa ikiwa nyingi lakini haipati moto, maji ya rejeta huenda yamepungua au themostati imekwama wazi. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa moto. Na ikiwa ukungu wa kioo una utelezi wa mafuta na harufu tamu, hauondolewi kwa upepo wowote. Rejeta ndogo ya hita inavuja, na zulia la upande wa abiria likipapaswa huenda likawa limelowa. Zulia likilowa maji matupu yasiyo na harufu, tuhuma ziende kwa mpira wa kutolea maji ya kiyoyozi, ambao huziba kwa tope lilelile la vumbi.

Kabla ya kulipa na kuondoka gereji, iwe ya jua kali huko Kawangware au yenye vigae Westlands, mwenye gari aombe kuonyeshwa kichujio kilichotolewa. Kisha aketi kwenye usukani, aiwashe feni hatua kwa hatua hadi ya mwisho, abadilishe kutoka hewa ya ndani hadi ya nje, usoni, miguuni na kwenye kioo, akiweka kiganja mbele ya kila tundu. Tundu la pembeni kabisa upande wa abiria lisisahauliwe, maana kijisanduku kilichorudishwa vibaya mara nyingi huacha bomba lake limeachana.